Hojaji

Mlangoni pa maktaba, upande wa Barabara ya Mamlaka,
binti mwenye kitambulisho shingoni kanipa karatasi na kalamu.
"Dakika tano tu, kaka. Ni ya shahada yangu."
Moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa.
Nizungushe duara.

Huwa nina ari ya kusoma.
Ari ipi? Ya siku gani?
Ya Jumatatu nimeshiba chapati na ndengu kwa Mama Kerubo,
au ya tarehe ishirini na saba
ninapochambua sarafu kama mchele?
Nikaweka tatu. Tatu haimuudhi mtu.

Hofu ya mtihani huathiri matokeo yangu.
Mwaka jana, karatasi ya takwimu,
swali la pili nililijua kama nijuavyo jina la mama.
Mkono ukagoma.
Jasho likadondokea namba yangu ya usajili,
wino ukatambaa,
nami nikautazama dakika arubaini,
viatu vya msimamizi vikipita, ko, ko, ko.
Thelathini na nne kwa mia.
Baba alikuwa ameuza mtamba.
Mtamba hana duara hapa.

Mimi hufurahia masomo yangu.
Nilicheka, binti akainua macho.
Nitamwambiaje kwamba furaha ilinijia mara moja,
juu ya paa la hosteli, Ngara, nikifua soksi,
hesabu ya wiki mbili ikajifungua yenyewe
kama fundo lililochoka kubishana,
nikabaki na povu mikononi, "Kumbe! Kumbe!"
hadi Odera wa chumba cha pili akadhani nimepata mchumba?
Haikuniletea alama hata moja.
Ila tangu hapo nasoma huku nimeitegea sikio.

Kuna watu wanaonitia moyo.
Mama hupiga simu saa tatu usiku. Masomo hayaulizi.
"Umekula?"
"Nimekula."
Na uongo huo, sijui kwa nini,
hunikesha kitabuni hadi saa nane.
Hapo niliweka tano, nikakoleza.

"Na wewe," nikamuuliza, "ungejaza ngapi?"
Akapanga karatasi zake, akazipangua.
"Natakiwa mia mbili na kumi. Nina sitini na moja.
Profesa wangu hajanijibu tangu Machi."
Nikamwomba tatu za kuwapelekea wa hosteli.

Nilipoketi dirishani ndipo nikagundua
nimeondoka na kalamu yake.
Nikageuka; alikuwa amemsimamisha mwingine,
"Dakika tano tu, dada."
Alhamisi narudia takwimu.
Nitamrudishia Ijumaa.