Bandari ya Arua

Duka langu ni kontena la chuma, la bluu;
namba zake za safari bado zinasomeka chini ya rangi.
Fundi alilikata dirisha upande wa barabara ya Rhino Camp,
na humo ndani, kati ya chaja za simu na katoni ya karatasi,
kompyuta ya mezani inapumua vumbi.
Ndani ya kompyuta, Linux.
Ndani ya Linux, tangu Jumanne, makontena matatu
yasiyoshika kutu.

Moja ni la Etoma.
Aliandika hesabu ya asali ya chama chetu
kwa Paithoni ya zamani, kwa haraka, bila maelezo,
kisha akapanda basi la Juba na laini yake ikafa.
Kila niliposasisha mfumo, hesabu iligoma:
maktaba hii haipo, ile imepitwa na wakati.
Mzee Drileba analeta madumu kumi na mawili,
mashine inamwambia: hitilafu.
Yeye anauliza hitilafu ni kilo ngapi.

Basi nikamjengea Etoma chumba cha mwaka wake.
Humo bado ni 2016. Maktaba zake zote zimo,
hakuna anayemwambia amezeeka.
Sitasema ni mzinga. Mizinga nimefungua mingi,
na sijaona amri ya kuufuta mmoja na kuuanza upya.

Nikafungua bandari: elfu nane na themanini.
Nilicheka peke yangu.
Maji ya chumvi yako mbali, siku kadhaa za lori,
nami nafungua bandari kwa kidole.

Saa nane umeme ukakatika.
Feni ikanyamaza. Jirani akavuta kamba ya jenereta
mara tatu, tusi, mara ya nne.
Makontena yalikuwa yamekufa yote, ndivyo yalivyo:
yanakufa bila kuaga, yanaamka bila kinyongo.
Asali ilikuwa salama; niliiweka nje yao,
kwenye folda yenye jina la chama.

Nikaandika amri tena. Mistari ikateremka kwenye dirisha jeusi,
na katikati yake mmoja ambao sikuwahi kuuona
miaka yote hesabu ilipofanya kazi kimyakimya:

*Hesabu iko tayari. Adiru, umekula?*

Sikuwa nimekula.
Enyasa imepoa kwenye bakuli, juu ya printa.
Nikamega tonge, mkono mwingine ukiwa kwenye kibodi.
"Kilo mia tatu thelathini na sita," nikamwambia mzee.
"Nani kasema?"
"Etoma."