Viti Arobaini

Nilipanga viti arobaini.
Gwenllian alisema ishirini vingetosha,
lakini ukumbi wenye viti vichache huonekana umekata tamaa
kabla mtu hajaingia.
Nikavitoa vyote stoo. Vile vya mguu mbovu
nikavificha nyuma, kando ya piano.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Sikujua nilikuwa naumwa nini.

Mgeni wetu aliitwa Heledd, muuguzi wa meno,
halipwi hata nauli;
alishuka basi la Aberfelin na kompyuta ndani ya mfuko wa sokoni,
mvua ya Wales mabegani.
"Nilifundishwa wikendi mbili tu," akaninong'oneza.
"Wakiniuliza mambo ya kemia?"
Nikamwambia, hapa watakuuliza choo kiko wapi.

Walikuja kumi na mmoja.
Kumi na wawili, ukimhesabu mbwa wa Meurig.

Projekta ikagoma, tukaipiga kofi,
barafu ikaja imepinda,
ikayeyukia juu ya pazia na tangazo la bingo.
Heledd alisema namba zake kwa haraka,
kama anayevuka barabara.
Meurig alikunja mikono, geti limefungwa:
"Hali ya hewa ilibadilika hata enzi za babu yangu."
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeitikia.
Birika likachemka lenyewe jikoni.

Kisha ikaja ramani.
Kijiji chetu kutoka juu, na buluu ikipanda
mwaka kwa mwaka, Heledd akibonyeza:
shule, barabara, uwanja wa raga,
makaburi.
Bibi Eirlys akasimama, akaenda hadi ukutani,
akaweka kidole. Buluu ikampaka mkono mzima.
"Hapa ni jikoni kwangu," akasema.
Hakuuliza kitu.

Najua Heledd alifunzwa kujibu
*asante kwa swali zuri.*
Hakulisema. Alimletea kiti.

Na mimi? Mwenyeji huandaa, hasemi.
Nilisimama mlangoni na sahani ya biskuti,
moyo ukinidunda, kwani nilikumbuka
lile daftari la matumizi, droo ya chini,
miaka kumi na tisa kwa mwandiko wangu.
Ningeweza kuinua mkono.
Nikauliza nani anataka sukari.

Waliondoka mapema, basi la mwisho halimngoji mtu.
Meurig alimbebea Heledd kompyuta hadi kituoni
huku akiendelea kumbishia; niliwasikia mpaka kona.

Nikaosha vikombe.
Nikafungua daftari kwenye mwanga wa projekta
tuliyosahau kuizima.
*Dekio moja.* Kisha miaka minne, hakuna.
*Dekio mbili. Ndoo.*
*Kukodi mashine ya kukaushia sakafu.*
*Mifuko ya mchanga, sita.*
*Mashine, tena.*
*Mifuko, ishirini. Mashine. Zulia, limetupwa.*
*Mashine.*
Mwaka jana sikuandika neno, niliweka alama za kurudia tu,
zikashuka ukurasa kama matone.

Nilikuwa nayo hotuba nzima.
Niliilalia kama kuku aliyesahau mayai.

Alhamisi Gwenllian atapita na funguo.
Nitamwonyesha. Nadhani nitamwonyesha.
Kwa usiku ule nilichukua kalamu nikaandika:
*Mazungumzo ya tabianchi. Watu kumi na mmoja, mbwa mmoja.
Maziwa, chupa mbili.
Viti arobaini. Vyote vikavu.*