Mguu Umebaki kwa Chibago

Alfajiri ya Julai, upepo wa Dodoma unachuna midomo.
Chibago amebeba dumu la maji na maneno machache.
Mimi nimevaa kilo mbili za plastiki na skrubu,
mguu wa fundi aliyeniuliza:
"Unataka wa kutembelea, au wa kukalia kanisani?"
Nikamjibu: wa Ntyuka.

Miaka mitatu. Jiwe tulilolitegea baruti
halikungoja tukimbie.
Lilichukua mguu chini ya goti,
na vidole vinne vya mkono huu.
Kokoto zake ziko barabarani sasa,
malori yanapita juu yake. Sawa tu.

Njia naijua kwa nyayo,
ila unyayo mmoja haukumbuki kitu.
Macho yanaufundisha: hapa changarawe,
hapa mwiba wa mgunga, hapa
usiniaibishe.

Kwenye bamba la jiwe, tulipokuwa tukipanda mbio,
mguu ukagoma.
Nikafungua mikanda, nikampa Chibago.
Akaupakata kama mtoto wa watu.
Nikapanda kwa goti, kiwiko, kidole gumba, tumbo;
suruali ikachanika, nikatukana kwa Kigogo.

Juu, pimbi wawili wananitazama.
Eti pimbi hana mkia
kwa sababu siku ya kugawiwa alimtuma mwenzake.
Nikacheka hadi mbavu zikauma.
Mimi sikutuma mtu.

Mjini treni ikapiga honi.
"Niulete?" Chibago akaita kutoka chini.
Ngoja kwanza.
Jiwe ndiyo kwanza linaanza kupata joto.