Sini na Swadi

Nimefika Nizwa na jambia la babu
ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la viatu.
Ala imefumuka; nyuzi za fedha zimesimama
kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.
Kaka yangu Azzan anaoa Ijumaa.

Sonara Muhanna analipima kwa kiganja.
"Khanjari," ananisahihisha, bila kuinua macho.
Jambia, asema, limetokana na ubavu,
na hili hukaa kitovuni.
Basi miaka yote tumeliita kwa mahali lisipokaa.

Kwetu Ruwi tuna kamusi ya Shangazi Raya.
Kisu ni cha kitunguu.
Kisu kikiitwa jisu, hakijakua:
aliyekiona ndiye aliyeogopa.
Kitara ni upanga uliopinda mgongo, hajui kwa nini.
Upanga wenyewe huchezwa harusini,
hurushwa juu, hudakwa kwa mpini,
wanawake wakapiga vigelegele.

Ondoa u.
Panga.
Neno hili hulitamka labda mara moja kwa mwaka,
kisha hunyanyuka kutazama kama mlango umefungwa.
Alikuwa na miaka saba, Bumbwini.
Sijamuuliza.

Na babu aliitwa Seif, yaani upanga,
karani wa forodha
aliyemwita jirani kila alipotaka kuchinja kuku.

Namuuliza Muhanna, maana ana subira:
silaha na suluhu, je, ni mtu na dada yake?
Anacheka hadi koleo linamponyoka.
"Silaha ni kwa sini, nyepesi, ya menoni.
Sulhu ni kwa swadi, nzito, hujaza kinywa.
Si ndugu. Hata ujirani hawana,
katikati amekaa shini."
Ananiandikia yote mawili nyuma ya risiti,
riali kumi na nane, kazi ya siku tatu.

Ndani ya gari, kiyoyozi kikinguruma,
nayajaribu: silaha, suluhu,
suluhu, silaha.
Nakaza ulimi, naulegeza.
Yanatoka kwa s ileile moja,
ile niliyonyonya.

Simu inalia. Shangazi.
"Limepona lile jambia?"
Siku nyingine ningesema khanjari.
"Bado," namjibu,
"linashonwa."