Draiva

Jana jioni kompyuta iliniuliza kwa adabu, kama mkwe:
nisasishe sasa, au baadaye?
Nani humwambia mkwe baadaye?
Nikabonyeza Sasa, nikafunga ofisi, nikaenda kununua maji ya ndoo.

Asubuhi ukungu bado umelalia mikorosho ya Mahuta
na foleni ya magunia imeshafika ukuta wa zahanati.
Wa kwanza, Bi Somoe Chipwatali. Gunia tano.
Mizani ikasema mia nne na kumi na mbili.
Printa ikakohoa, ikatoa stakabadhi:
41.

Ile mbili ilibaki nje ya karatasi,
imeshuka njiani, haikuaga.

"Karani," akasema, "kilo zangu kazila nani?"
Hakupaza sauti. Angepaza, ningejitetea.
Nyuma yake mtu akatamka kangomba,
neno likatembea kwa miguu hadi mwisho wa foleni
likarudi limenenepa.

Nikasema draiva imebadilishwa.
"Wa fuso?" Chilemba akashtuka, fuso ni lake.
Ya printa.
"Printa ina draiva?"
Inayo.
"Na leseni anayo?"
Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wote kwa pamoja.

Nikachomoa waya, nikachomeka.
Nikazima, nikawasha, nikageuza karatasi kama chapati.
Kila nikikosea, kompyuta ikapiga kengele:
ting!
Ilikuwa bubu tangu mwaka juzi.
Usiku mmoja tu wa masasisho, imepata ulimi,
na imeanza na mimi, mbele ya wakulima.

Mfaume wa Newala nikampata kwenye simu,
mtandao ukikatika kila anapokaribia jibu:
"Usitafute kilichoharibika... tafuta kili..."
Kili nini, Mfaume?
"...chobadilika!"

Nikafungua orodha ya vifaa. Printa ipo.
Kando yake: Kifaa hiki kinafanya kazi vizuri.
Na kweli, haikudanganya. Ilikuwa inachapa vizuri sana
kwenye karatasi pana, ya ofisi nyingine, ya nchi nyingine,
karatasi ambayo Mahuta haijawahi kuiona.

Kitufe cha kumrudisha wa zamani kimefifia, kijivu,
hakibonyezeki. Ting!

Ndipo nikaikumbuka droo.
Chini ya mihuri iliyokauka na risiti za salfa za misimu iliyopita,
sidii, na mwandiko wa Nangomwa aliyenitangulia kiti hiki:
USITUPE.
Nangomwa niliyemcheka. Aliyehifadhi hata vifuniko vya kalamu.
Siku anahamia Masasi nilimwambia, mzee,
siku hizi kila kitu kiko mtandaoni.
Akanikabidhi funguo, hakujibu.

Sidii ina vumbi. Bi Somoe akaninyooshea pindo la kanga.
Nikafuta kwa pindo hilo, naye bado amejifunga,
na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakunitazama kama mwizi.
Hapana. Alinitazama vilevile.
Ni mimi niliyetaka iwe hivyo.

Nikamtoa mgeni, nikamweka wa zamani.
Dakika kumi na nne.
Mmoja alishafunga tena gunia lake kwenye baiskeli, akaondoka.
Sikumwita.

412.

Aliigusa tarakimu mojamoja kwa kidole,
nne, moja, mbili,
kama anayehesabu watoto usiku kabla ya kukomea mlango.
Kisha akataka na ile ya kwanza.
Ile ni batili, mama, naichana.
"Nipe."
Akazikunja zote mbili, akazifunga kwenye pindo lilelile.

Msimu haujaisha. Printa inachapa kulia kidogo, lakini inatosha.
Mfaume amenielekeza namna ya kuinyamazisha kengele,
hatua tatu tu.
Sijainyamazisha.
Nikikosea, foleni isikie.