Kumwaga Maji, Ras Kazone

Bwana Lindkvist karudi kwao, boti kaniachia
na karatasi: Toa maji yote. Yakiganda, bomba hupasuka.
Nikacheka peke yangu. Barafu ninayoijua mimi
ni ile ya ukwaju, ya kifuko, ya shilingi mia.

Lakini kazi ni kazi. Nikazima umeme kwanza
(heta tupu ikiwaka, koili huungua, na fundi hulipa),
nikafungua valvu ya juu ipumue,
nikachomoa mpira wa chini.
Yakatoka ya kutu, kisha meupe,
maji ya Mabayani, yangali na uvuguvugu.
Ndoo sita. Kwetu Mwanzange bomba kavu siku ya nne;
nikampigia Mwantumu: njoo na madumu.

Yaliyojificha kwenye viwiko hayakutaka kutoka.
Nikayapuliza kwa pampu ya baiskeli.
Bomba likakohoa, likatema, likanyamaza.

Hapo nikaukumbuka mtungi wa mama, Pongwe.
Tulifunga nyumba baada ya arobaini,
tukagawana kanga, tukakunja mikeka,
asiwepo wa kuuinamisha mtungi.
Nilipofungua, mwezi wa saba,
viluwiluwi walikuwa wakicheza humo
kama wenye nyumba.

Karatasi haikusema hayo. Ilisema barafu.

Koki zote nimeziacha wazi,
hata ile ya jikoni yenye ubishi.
Juu ya swichi nimeandika kwa chaki: USIWASHE. HAMNA MAJI.

Mwantumu anauliza, haya ya kufulia?
Ya kuogea, namwambia.
Wahi, kabla hayajapoa.