Alama Mbili za Sikio

Tulikaa watatu meza ya mbele, ukumbi wa shule, Pasua,
na kalamu nyekundu, na chai ya tangawizi iliyokwisha poa.
Michoro thelathini na mmoja kwenye kamba ya kuanikia nguo.
"Watoto Waliopotea." Mada ilitoka ofisini.

Watoto wa Moshi, hata wakichora msiba,
huweka mlima nyuma.
Nilihesabu milima ishirini na sita.
Mmoja alichora sahani iliyofunikwa kawa.
Mwingine, sare inayoning'inia msumarini, shingo tupu;
huyo tukampa ya kwanza bila ubishi.

Namba kumi na tisa: Ndeanka Mrosso, darasa la sita.
Penseli tu, karatasi ya daftari la hesabu,
visanduku vikipita juu ya paji la mvulana.
Hakuna mlima.
Sikio la kushoto limeshuka kuliko la kulia,
juu limejikunja kama ncha ya ukurasa.
Niliandika pembeni: *uwiano!*
Nikakata alama mbili.

Siku ya zawadi mgeni rasmi alichelewa,
akaongea sana, akaondoka.
Tulipoanza kukunja viti
nikamwona mama mmoja mbele ya namba kumi na tisa,
beseni tupu la sokoni Kiboriloni ubavuni.
Hakulia.
Alilowesha ncha ya khanga kwa ulimi,
akaisogeza hadi kwenye lile sikio, karibu aliguse,
akakumbuka ni karatasi.

"Alizaliwa nalo hivi," akasema.
"Polisi walitaka picha. Hatukuwahi kumpiga.
Tulisema tutampiga akimaliza la saba."

Anaeli. Alitumwa chumvi, Jumanne, mwaka juzi.
Mezani dada yake hukaa upande wa kushoto.
Miaka tisa alikula akilitazama sikio hilo.

Mama akaniomba nimfutie yale maandishi.
Wino mwekundu haufutiki, mwalimu yeyote anajua.
Nikaenda ofisini kutafuta mkasi,
nikakata ukingo wote, neno langu likaanguka sakafuni,
nami nikaliokota upesi, nikalitia mfukoni.

Kwenye duka la fotokopi tulitoa nakala arobaini.
Mashine ile mbovu huchafua kila kitu,
lakini sikio ililitoa vilevile, mara arobaini.

Sasa nikipita stendi
siwatazami watoto usoni.
Nasubiri wageuke.